Ile picha ya Mama Njinga tunayotumiana

Kila tarehe 8 mwezi wa tatu, wamama wakishavaa vikwembe vya sikukuu, ile picha inarudi kwenye WhatsApp: malkia mweusi, taji kichwani, ziwa moja nje. Chini wanaandika: Njinga. Mimi pia niliituma, kwa roho safi kabisa. Halafu mdogo wangu wa kike akaniuliza: «Yaya, huyu malkia, nani alimvua nguo?»

Nilikosa jibu. Nikaenda kutafuta.

Aliyemvua ni Achille Devéria, mchoraji wa Paris, miaka ya 1830. Njinga alikufa tarehe 17 Desemba 1663. Huyo bwana hakumwona hata siku moja.

Njinga alitawala Ndongo tangu 1624, kisha Matamba, kule kwa jirani zetu wa Angola. Alipambana na Wareno karibu miaka 30, mpaka mapatano ya 1656. Mwaka 1622, kaka yake mfalme alimtuma Luanda kuzungumza na gavana João Correia de Sousa. Gavana alikuwa na kiti, yeye alitandikiwa chini. Njinga hakubishana. Alimwita mtumishi wake, akamkalia mgongoni, mazungumzo yakaendelea macho kwa macho.

Habari hiyo imetufikia kupitia Cavazzi, padri Mkapuchini wa Italia aliyemfahamu na kumzika. Maandishi yake yana picha za rangi za Njinga na watu wake, na kitabu chake kilichapwa Bologna 1687. Ni shahidi wa karibu, sawa. Lakini 1622 hakuwa Luanda, na alitaka Ulaya ione mpagani mkali aliyeongoka kwa kazi ya mapadri.

Sasa angalieni: mwaka uleule 1622, Marie de Médicis, mama ya mfalme wa Ufaransa, alimwagiza Rubens picha 24 kwa ajili ya jumba lake. Mwenyewe alikuwa hai, alilipa, alisema anachotaka. Njinga hakuulizwa kitu.

Mimi ni mtu wa agronomia. Mbegu, hata mfuko wake uwe muzuri namna gani, unauliza kwanza ilitoka wapi. Picha nayo njo vile. Mwaka kesho ukiituma, andika chini: nani alichora, wapi, lini. Na mama mwenye nguvu wa mtaa wenu, mpige picha angali hai. Ila umuulize kwanza anapenda kukaa namna gani.