Tiba ya Mifupa Rondo na Nchi ya Kusini

Uwanda wa juu wa Rondo umeinuka kati ya pwani ya Lindi na nchi ya Masasi, na mahali pake pa juu panakaribia mita 900. Kwa mtu aliyevunjika paja, mteremko ule ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Alibebwa kwa machela hadi bondeni, na kila hatua ya wachukuzi ilisugua mfupa kwa mfupa. Si ajabu kwamba wengi walibaki nyumbani.

Nyumbani palikuwa na mwunga mifupa. Huyu alinyoosha mguu kwa mikono, akaufunga kwa mabanzi ya miti na kamba za magome. Wamisionari wengine walimdharau, na dharau hiyo haikuwa ya haki: mkono uliovunjika chini ya kiwiko, hasa wa mtoto, aliweza kuuponya vema. Paja lilimshinda, kwa sababu misuli ya paja ina nguvu na huvuta vipande vya mfupa hadi vipandane, mguu ukawa mfupi. Tena banzi lililokazwa mno huzuia damu, na kiungo huoza.

Hata hivyo adui mkubwa wa mifupa hakuwa mti wala jiwe. Alikuwa buba. Ugonjwa huu huanza kwa vidonda vya ngozi, na watoto huambukizana kwa kugusana. Usipotibiwa, baada ya miaka huweza kuingia mifupani. Muundi hupinda mbele kama upanga, na nyayo hupasuka hata mtu akatembea kwa pembeni ya miguu. Katika miaka ya 1920 dawa ya bismathi ililetwa kwa sindano, na watu walitembea mwendo mrefu kuitafuta. Kisha ikaja penisilini, ambayo kwa sindano moja iliweza kumaliza maradhi. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, wakatibu watu zaidi ya milioni 50. Hakuna kisu cha mpasuaji kilichookoa miguu mingi kiasi hicho, wala hakuna tiba iliyosahauliwa upesi kama hiyo. Kijana wa leo hajui hata jina la buba.

Upasuaji nao ulikuwa na watu wake, na haki yadai ikumbukwe kwamba Walutheri hawakuwa wa kwanza huku. Daktari Leader Stirling alifika Masasi mwaka 1935 katika utumishi wa UMCA, akafanya kazi Lulindi. Mwaka 1949 alihamia Mnero kwa Wabenediktini, akakaa hadi 1964. Baadaye, kuanzia 1975 hadi 1980, alikuwa Waziri wa Afya. Ndanda na Nyangao pia zilipokea majeruhi. Paja lililovunjika lilitibiwa kwa kuvutwa: mguu hufungwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, mgonjwa akalala hivyo majuma kumi na mawili au zaidi. Ndugu zake walipika uani mwa hospitali, na shamba lilingoja.

Mchango wa Walutheri ulikuwa mbali, Moshi, karibu kilomita elfu moja kutoka Lindi. Hospitali ya KCMC, waliyoijenga pamoja na makanisa mengine, ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1981 ikapata chuo cha mafundi wa viungo bandia. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Lakini hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, gari la mgonjwa lilivuka Rufiji kwa kivuko, na masika barabara ilikatika. Mfupa haungoji barabara. Wa mtoto huanza kushikana ndani ya majuma matatu, na ukishikana umepinda, kuunyoosha ni kuuvunja tena.

Siku hizi majeruhi wengi ni wa pikipiki, vijana wenye miundi iliyovunjika na vidonda vilivyo wazi. Kidonda cha namna hiyo chahitaji kuoshwa na kupewa dawa ndani ya saa chache, na mteremko wa Rondo bado ni ule ule.