Kima punju na historia ya Unguja

Kima punju (Piliocolobus kirkii) ni mnyama wa asili wa kisiwa cha Unguja pekee, na mahali anapoishi leo pameamuliwa zaidi na uchumi wa binadamu kuliko na maumbile yake. Katika karne ya 19, ardhi yenye udongo wa kina upande wa magharibi ilifyekwa ili kupisha mikarafuu. Mashariki na kusini, kwenye mawe ya matumbawe ambako jembe halizami, msitu na vichaka vilinusurika. Ngome yake, msitu wa Jozani, ni mabaki ya mgawanyo huo.

Dini nayo ilifanya kazi yake kimyakimya. Waislamu hawali nyama ya kima, na hata imani ya wenyeji kwamba mti alioula hunyauka ilimletea chuki bila kumtia chunguni. Jamaa yake wa Ghana na Côte d'Ivoire, mbega mwekundu wa Waldron, hakupata kinga hiyo: mwaka 2000 watafiti walitangaza kuwa huenda ametoweka, wakitaja uwindaji wa nyama kuwa sababu kubwa.

Ushahidi mzito zaidi uko mashambani, kusini ya Jozani. Huko makundi ya kima hula majani ya miembe na mikungu, miti iliyoletwa kutoka Asia kwa njia ya bahari. Majani hayo yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali zinazozuia usagaji wa chakula. Kima huokota mkaa kwenye tanu na visiki vilivyoungua, akautafuna, nao hunasa kemikali hizo tumboni. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliieleza tabia hii mwaka 1997. Ni vigumu, basi, kumwita mnyama wa porini tu.

Wakulima humlaumu kwa kuangusha vidaka, na anayeviona vimetapakaa chini ya mnazi wake ana haki ya kuuliza. Utafiti wa mwaka 1999 haukukuta mavuno yakipungua kwa sababu hiyo. Inaelekea mnazi uliopunguziwa vidaka hukuza vizuri vilivyobaki. Hesabu hiyo, hata hivyo, haifuti hasara ya mazao mengine.

Jozani na Ghuba ya Chwaka zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na sehemu ya mapato ya watalii hurudi vijijini. Fedha hizo huhesabiwa kama fidia, ingawa zingestahili kuitwa kodi ya malisho, maana shamba ni makazi ya kima sawa na msitu. Sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kima 5,862, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na si wote walio ndani ya mipaka ya hifadhi. Mwenye shamba akikata miembe yake na kuuza viwanja, kundi zima hupoteza chakula, hata kama msitu wa jirani haukuguswa.