Kenya: Fomu 34A, karatasi iliyobeba uzito wa uchaguzi

Katika kila uchaguzi mkuu wa Kenya, jina moja husikika tangu vituo vinapofungwa hadi kesi inapoamuliwa mahakamani: Fomu 34A. Hii ni karatasi ambayo msimamizi wa kituo cha kupigia kura hujaza idadi ya kura za urais alizopata kila mgombea, baada ya kuzihesabu mbele ya mawakala. Mawakala huitia saini na kupewa nakala, nakala nyingine hubandikwa mlangoni mwa kituo, na picha yake hutumwa kwa njia ya kielektroniki. Kutokana na fomu hizo hujazwa Fomu 34B ya kila eneo bunge, kisha Fomu 34C ya taifa zima.

Uzito wa karatasi hiyo ulitokana na maafa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mzozo kuhusu matokeo ulizusha ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Mitambo iliyonunuliwa kwa ajili ya mwaka 2013 ilikwama katika vituo vingi siku yenyewe ya kura.

Kisha ukaja mwaka 2017. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, alikutwa ameuawa. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi, lakini tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi huo kwa kura 4 dhidi ya 2. Majaji walitazama njia iliyopitiwa: mshindi alitangazwa kabla Fomu 34A zote hazijapokewa, na tume ilipoamriwa kuruhusu seva zake zikaguliwe, haikutii kikamilifu. Uchaguzi wa marudio wa Oktoba ulisusiwa na Raila Odinga, na wengi wa waliojiandikisha hawakujitokeza.

Mwaka 2022 tume ilichukua hatua ambayo wengi hawakuitarajia. Fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa katika tovuti iliyo wazi kwa umma, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha. Vyombo vya habari vilijaribu. Kwa kuwa kila kimoja kilianza na fomu tofauti, jumla zao hazikulingana, na kwa siku kadhaa uwazi wenyewe ukawatia watu wasiwasi.

William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, tofauti ya kura takriban 233,000. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hayo wakidai ujumlishaji wa mwisho haukuwa wazi. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, iliidhinisha ushindi huo. Madai kwamba fomu zilibadilishwa zikiwa njiani yalitupwa, kwani fomu za tovutini zililingana na zile za karatasi.

Karatasi ilihimili mtihani kuliko wasimamizi wake. Kuanzia Januari 2023 tume ilikaa bila mwenyekiti kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Erastus Ethekon na makamishna wenzake walipoapishwa Julai 2025. Wao ndio watakaosimamia uchaguzi wa Agosti 2027.