Umbo la Wiki na Mzigo wa Kulitunza: Historia Fupi ya Maumbo ya MediaWiki, 2002–2020

Insha hii inachunguza historia ya maumbo ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia pamoja na wiki nyingi za vyuo, maktaba na jumuiya. Umbo, kwa maana inayotumika hapa, ni mkusanyiko wa faili zinazoamua ukurasa uonekaneje: mahali pa nembo na menyu, rangi, aina ya herufi na upana wa matini. Hoja inayojengwa ni kwamba mabadiliko ya maumbo hayakuongozwa na mvuto wa macho pekee. Yaliongozwa pia na swali la nani abebe mzigo wa matunzo pale programu yenyewe inapobadilika.

Wikipedia ilipoanzishwa Januari 2001 ilitumia UseModWiki, programu iliyoandikwa kwa Perl. Januari 2002 ilihamia kwenye programu ya PHP iliyoandikwa na Magnus Manske, na Julai mwaka huohuo ikahamia kwenye programu iliyoandikwa upya na Lee Daniel Crocker, ambayo ndiyo asili ya MediaWiki. Maumbo ya kipindi hicho, kama vile Standard, Nostalgia na Cologne Blue, yalikuwa sehemu ya kiini cha programu. Ukurasa ulijengwa kwa kuunganisha vipande vya HTML ndani ya msimbo wa PHP. Hivyo, aliyetaka kusogeza menyu alilazimika kugusa msimbo ule ule uliotegemewa na wiki nzima.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 2004, pale toleo la 1.3 lilipoleta umbo la MonoBook, lililobuniwa na Gabriel Wicke. Umbo hili lilitenga mambo matatu: data ya ukurasa, kiolezo cha kuipanga, na faili za CSS za kuipamba. Utengano huo uliwafungulia mlango wasimamizi wa wiki ndogo. Njia iliyozoeleka ilikuwa kunakili faili za MonoBook, kuzipa jina jipya, kisha kubadili nembo, rangi na mpangilio. Hata hivyo, nakala ilichukua msimbo wa asili yake bila kuchukua watunzaji wake. MonoBook iliporekebishwa, nakala ilibaki ilivyokuwa.

Athari za utaratibu huo zilidhihirika wakati wa kupandisha toleo. Toleo la 1.17 la mwaka 2011 lilileta ResourceLoader, mfumo mpya wa kupakia CSS na JavaScript, na kulifanya Vector kuwa umbo la msingi badala ya MonoBook. Umbo lililonakiliwa miaka ya nyuma, likiwa limejiandikia lenyewe viungo vya faili zake, halikuendana tena na utaratibu huo. Msimamizi alikabiliwa na uchaguzi mgumu: aandike upya umbo lake, au abaki na toleo la zamani ambalo mwishowe lingeacha kupata marekebisho ya usalama. Kwa taasisi ambayo aliyeunda umbo alikwisha kuondoka, uchaguzi wa pili ulikuwa rahisi zaidi, na wa hatari zaidi.

Watunzaji wa MediaWiki nao walikuwa wakijipunguzia mzigo. Mwaka 2013, katika toleo la 1.22, maumbo kadhaa ya zamani yaliondolewa. Toleo la 1.24 la mwaka 2014 liliyahamishia maumbo yaliyosalia katika hazina zake yenyewe, nje ya kiini. Toleo la 1.25 likaleta faili ya skin.json, inayotangaza jina, mitindo na mahitaji ya umbo. Mwaka 2020, toleo la 1.35 liliruhusu kiolezo kuandikwa kwa Mustache, hata mbunifu akaweza kuandika PHP kidogo sana. Kila hatua ilipunguza sehemu za kiini ambazo umbo lilizitegemea moja kwa moja, japo ililazimu maumbo ya zamani kuhama.

Suala la lugha linaonyesha uzito wa jambo hili kwa wasomaji wa Kiswahili, ambao Wikipedia yao ilianza mwaka 2003. MediaWiki huhifadhi maneno ya kiolesura kama ujumbe unaotafsirika, na wafasiri wa kujitolea huutafsiri kupitia translatewiki.net. Umbo linaloita ujumbe huo hupata Kiswahili bila kazi ya ziada. Umbo ambalo maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza ndani ya kiolezo humnyima msomaji tafsiri iliyokwisha kufanywa.

Historia hii inaonyesha kwamba gharama kubwa ya umbo huja baada ya kuundwa kwake. Taasisi inayohitaji rangi na nembo pekee inatoshelezwa na CSS inayowekwa katika ukurasa wa MediaWiki:Common.css, juu ya umbo linalotunzwa na wengine. Umbo la pekee linastahili pale tu mpangilio wenyewe unapohitaji kubadilika, na pale ambapo mtu ametajwa, na muda umetengwa, kwa ajili ya kulipima upya kila toleo linapopandishwa.