Kikombe cha Kahawa na Mpaka wa Dini



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili napenda tutafakari juu ya kitu kilichozoeleka mno hata hatudhani kuwa kina historia, yaani kahawa. Kinywaji hiki kiliwahi kupigwa marufuku na Waislamu, kikaepukwa na Wakristo, na baadaye kikawaketisha wote mahali pamoja. Njia kiliyoipitia ina fundisho kwetu.

Habari za kahawa kama kinywaji zinaanza kusikika Yemen katika karne ya 15. Masufi waliinywa ili wasisinzie katika dhikri za usiku, hivyo ilizaliwa jirani kabisa na sala. Hata hivyo, si wote walioipokea. Mwaka 1511 huko Makka, mtawala Kha'ir Beg aliwakusanya wanazuoni, akaipiga marufuku, na kahawa ikachomwa moto hadharani. Muda si mrefu wakubwa wake wa Kairo waliilegeza amri hiyo, na watu wakaendelea kunywa.

Kwa upande wetu Wakatoliki, yapo masimulizi maarufu juu ya Papa Klementi VIII, aliyeliongoza Kanisa toka 1592 hadi 1605. Inasimuliwa kwamba alishauriwa kukikataza kinywaji hicho cha Waislamu, lakini akakionja kwanza, akakipenda, akakibariki. Wanahistoria huyachukua haya kuwa hadithi tu. Hata hivyo, hadithi hiyo inabeba swali la kweli: je, kitu kikitumiwa na mtu wa dini nyingine, chaweza kunitia mimi unajisi?

Swali hilo lilikuwa zito zaidi Ethiopia, nchi ambayo mti wa kahawa huota porini. Kwa muda mrefu Wakristo wa Kiorthodoksi wa nyanda za juu waliiepuka kahawa, kwa kuihesabu kuwa alama ya Uislamu na ya dini za jadi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, na hasa enzi za Mfalme Menelik II, katazo hilo lilififia. Siku hizi mama wa Kiethiopia, awe Mkristo au Mwislamu, hukaanga buni mbele ya wageni, hufukiza ubani, na kumimina mara tatu. Mmimino wa tatu huitwa «baraka», neno ambalo sisi nasi tunalo, kwa maana ileile.

Tutazame hapa kwa makini. Wakristo na Waislamu wengi wa nchi hiyo mpaka leo hawali nyama iliyochinjwa na mtu wa dini nyingine. Kahawa nayo ilikuwa upande huohuo wa mpaka, lakini ikavuka. Haikuvuka kwa sababu mmoja aliiacha imani yake. Ilivuka kwa sababu jirani alimkaribisha jirani, naye akaketi.

Nasi tunajua gharama ya kutoketi pamoja. Mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje uligeuka kuwa wa kumwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Tusidhani kwamba mambo ya sahani na kikombe ni madogo.

Bwana wetu alikwisha kufundisha kwamba kimtiacho mtu unajisi hutoka moyoni, wala si kile kiingiacho kinywani (Mk 7:14-23). Mtakatifu Paulo naye anatuonya pande zote mbili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula (Rum 14:3). Basi, jirani Msabato asiyekunywa kahawa kwa ajili ya dhamiri yake, tusimcheke. Jirani Mwislamu anapofunga Ramadhani, tumheshimu. Nasi pia tunao mfungo wetu: saa moja kabla ya kupokea Ekaristi Takatifu hatuli wala hatunywi chochote isipokuwa maji na dawa. Kahawa inahesabiwa humo.

Wazee wa Buhaya walikuwa na desturi ya kufunga undugu wa damu kwa tunda la kahawa. Tunda moja lina punje mbili. Kila mmoja alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake, na tangu hapo hawakuweza kudhuriana. Sisi tumefanywa ndugu kwa Damu iliyo kuu zaidi, nayo imemwagwa kwa ajili ya watu wote.

Kwa hiyo, wapendwa, juma hili ukipita penye msiba wa jirani asiye wa dini yako, nawe ukakaribishwa kikombe cha kahawa chungu, usipite kwa haraka. Keti, pokea, mpe pole. Injili huweza kuanzia hapo.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.