Mary Reibey, mfungwa aliyeficha mwaka mmoja



Tangu mwaka 1994, noti ya dola 20 ya Australia inachukua sura ya mama mmoja mzee aliyevaa miwani. Mama huyo alifika katika nchi ile akiwa mfungwa. Tunayatazama maisha yake kwa sababu yanatuuliza swali zito: mtu aitwe kwa kosa lake hadi lini?

Alizaliwa mwaka 1777 huko Bury, Uingereza, akaitwa Molly Haydock, akalelewa na nyanya yake. Mwaka 1791, akiwa na miaka 14, alikamatwa kwa wizi wa farasi. Alikuwa amevaa mavazi ya kiume na kujiita James Burrow. Alihukumiwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7.

Siku zile magereza ya Uingereza yalikuwa yamejaa. Hapo awali wafungwa walipelekwa Amerika, lakini koloni zile zilipojitwalia uhuru, njia hiyo ikafungwa. Ndipo serikali ikaichagua Australia. Merikebu za kwanza zilifika mwaka 1788, na hadi mwaka 1868 wafungwa zaidi ya 160,000 walikuwa wamepelekwa huko. Wala nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wake, walioishi humo tangu kale, walinyang'anywa ardhi yao pasipo kushitakiwa kosa lolote.

Molly alishuka Sydney mwezi Oktoba 1792. Mwaka 1794 aliolewa na Thomas Reibey, mtu huru aliyefanya kazi merikebuni, akajulikana kwa jina la Mary Reibey. Walianza na biashara ya nafaka katika mto Hawkesbury, kisha wakapata duka na merikebu zao. Thomas alifariki mwaka 1811, akamwachia watoto 7. Mama huyo aliiendesha biashara kwa mkono wake mwenyewe, akaikuza. Mwaka 1817 benki ya kwanza ya koloni ilianza kazi katika nyumba iliyokuwa yake. Hakuwa malaika: mwaka huohuo alipatikana na hatia ya kumpiga mdeni wake. Hata hivyo aliheshimiwa, na mwaka 1825 aliwekwa miongoni mwa wasimamizi wa shule.

Mwaka 1820 alirudi Uingereza kutembea pamoja na binti zake wawili, kisha mwaka 1821 akarejea Sydney. Watu wa koloni walipohesabiwa mwaka 1828, naye akaulizwa hali yake, alijibu kwamba alifika mwaka 1821 akiwa mtu huru. Safari hiyo ilikuwa ya kweli. Mwaka 1792 ndio alioufunika kwa kimya.

Tumpime kwa haki. Adhabu yake ilikuwa imekwisha karibu miaka 30. Mali alikuwa nayo, heshima pia. Lakini alijua kwamba sheria humfungua mtu siku moja, na ndimi za jirani huendelea kumfunga. Alifariki mwaka 1855, na noti yenye sura yake ilitoka karibu miaka 140 baadaye.

Kijana arudipo mtaani kwetu kutoka gerezani, hawezi kungoja muda huo wote. Basi katika kundi lenu jadilianeni: tunamwita kwa jina gani? Nani atamkabidhi kazi ya kwanza? Naye akiulizwa alikotoka, je, kwetu ataweza kusema kweli bila kuogopa?