Uzi Chini ya Taya: Safari ya Kuulinda Uso Mbele ya Kisu

Mgonjwa amepona. Uvimbe wa taya umeondolewa, nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga. Lakini akicheka, mdomo wa chini unashuka upande mmoja tu. Akinywa chai, tone linamponyoka pembeni. Neva moja, nyembamba kama uzi, imeguswa na kisu. Kwa karne nyingi hasara hiyo ilihesabiwa kuwa bei ya kubaki hai. Historia ya upasuaji wa taya na shingo ni pia historia ya madaktari walioikataa bei hiyo.

Neva ya uso hutoka kwenye fuvu kupitia tundu dogo chini ya sikio, ikaingia katika tezi kubwa ya mate, na humo hugawanyika matawi matano: la kipaji cha uso, la jicho, la shavu, la ukingo wa taya na la shingo. Anayepasua hapo hupita katikati ya nyuzi hizo.

Katika karne ya 2 Galen, tabibu wa Roma, alipasua nguruwe hai na kuonyesha kwamba neva fulani ya shingo ikikatwa, mnyama hunyamaza papo hapo. Hata hivyo, neva ya uso na ya kusikia alizihesabu kuwa jozi moja. Mwaka 1561 Gabriele Falloppio wa Italia alichapisha maelezo ya mfereji wa mfupa ambamo neva ya uso hupita. Njia ikajulikana, kazi yake bado. Walikuwapo madaktari walioikata wakidhani wanatibu maumivu makali ya uso. Maumivu yakabaki na uso ukapooza. Ni mwaka 1821 ambapo Charles Bell aliieleza Royal Society ya London kwamba neva hii ni ya kuuchezesha uso, na kwamba hisia zina neva nyingine.

Kujua peke yake hakukutosha, kwa sababu mgonjwa alikuwa akipiga kelele. Sifa ya daktari ilikuwa wepesi wa mkono, na mwenye haraka hatafuti uzi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha etha kijana Gilbert Abbott, na John Collins Warren akampasua uvimbe uliokuwa shingoni, chini ya taya. Nusukaputi ilimpa daktari kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: muda.

Muda huo haukutumika kwa upole mara moja. Mwaka 1906 George Crile wa Cleveland alieleza upasuaji wa kufagia tezi zote za saratani shingoni. Uliokoa maisha, lakini ulichukua pia msuli, mshipa mkubwa wa damu na neva ya bega. Katika miaka ya 1960 Osvaldo Suárez wa Argentina alionyesha kwamba tezi zinaweza kuondolewa na viungo hivyo vikabaki.

Kwenye tezi ya mate, woga ndio uliotawala. Madaktari walichokoa uvimbe juu juu ili wasiikaribie neva, na uvimbe ukarudi. Kufikia miaka ya 1940 mwelekeo uligeuka: tafuta kwanza shina la neva, kisha lifuate tawi kwa tawi. Usalama haukuwa katika kuikwepa, ulikuwa katika kuiona.

Ramani nazo zikachorwa. Mwaka 1956 Davis na wenzake walichapisha uchunguzi wa nusu-nyuso 350 za maiti, wakaonyesha kwamba matawi hujipanga kwa namna 6. Mwaka 1962 Dingman na Grabb walichunguza nusu-nyuso 100. Nyuma ya ateri ya uso, tawi la taya lilipita juu ya ukingo wa mfupa katika asilimia 81. Katika 19 zilizobaki lilining'inia chini yake, kwa kiasi cha sentimita 1. Ndiyo maana daktari huweka vidole viwili chini ya ukingo wa taya kabla ya kuchora mstari wa kukata. Mbinu iliyopewa jina la Hayes Martin huongeza kinga: vena ya uso hufungwa, kisha huinuliwa, na neva hupanda nayo ikiwa nyuma ya ngao.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto. Kisu hakikufaa kitu. Miaka ya 1960 ilipoanza, dawa zilizojaribiwa Kampala na Nairobi ziliuyeyusha uvimbe huo. Taya ikabaki, na uso ukabaki mzima.

Leo kipo kifaa cha umeme kinachogusa neva na kuufanya msuli ushtuke. Mtaalamu wa nusukaputi huepuka dawa za kulegeza misuli wakati huo, na pembe ya mdomo huachwa bila kufunikwa. Muuguzi huitazama. Mdomo ukicheza, anasema, na mkono wa daktari unasimama. Hapo Bell, Dingman na Grabb wamo chumbani, na mgonjwa aliyelala atakapoamka atacheka kwa pande zote mbili za mdomo wake.